Mji usio na moshi wa sigara: sheria ikitoka kabatini



Katika toleo hili tunajifunza jinsi miji inavyoweza kuondokana na moshi wa sigara katika sehemu wanazokutana watu wengi. Somo limeandaliwa kwa ajili ya vikundi vya sharika, kamati za afya za kata, na yeyote anayeshirikiana na halmashauri ya mji wake. Tunashauri lisomwe kwa vipindi viwili, kwa kuwa katikati yake kuna habari ya mji mmoja wa India inayohitaji muda wa kujadiliwa.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Tulipolitaja jambo hili kwenye kikao cha wawakilishi wa sharika, mzee mmoja aliuliza, "Sasa mji wa Moshi mtauhamishia wapi?" Watu walicheka sana. Baada ya kicheko ilionekana kwamba wengi walikuwa wameelewa tofauti. Wapo waliodhani tunazungumzia moshi wa kuni na mkaa jikoni (hilo nalo ni somo kubwa, litakuja siku yake), na wapo waliodhani tunataka wavutaji wakamatwe na mgambo. Tunaposema mji usio na moshi wa sigara tuna maana ya mji ambao ndani ya ofisi, hoteli, baa, hospitali, shule, kumbi, mabasi na daladala hakuna anayewasha sigara, awe meneja au mteja, mwenyeji au mgeni. Anayetaka kuvuta anatoka nje, mbali na mlango na madirisha, anavuta, kisha anarudi kuendelea na shughuli zake. Hakuna anayemfukuza mjini.

Moshi wa jirani

Sigara inapowaka hutoa moshi wa aina mbili. Upo ule anaoupuliza mvutaji, na upo ule unaopanda kutoka kwenye ncha inayowaka wakati ameishika tu mkononi. Yote miwili huingia kwenye mapafu ya waliopo. Ndani yake kuna kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kuwa husababisha saratani. Kwa watoto moshi huu huleta nimonia na maambukizi ya masikio, na huzidisha pumu. Mama mjamzito anayeuvuta anaweza kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu. Kwa watu wazima huleta ugonjwa wa moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 1 wasiovuta hufa kila mwaka kutokana na moshi wa wengine.

Zamani mambo haya hayakujulikana. Mwaka 1981 mtafiti wa Japani, Takeshi Hirayama, alitangaza matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mingi wanawake wa nchi yake wasiovuta sigara. Wale walioolewa na wanaume wavutaji walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta. Watengenezaji wa sigara walimpinga kwa nguvu, lakini tafiti zilizofuata katika nchi nyingine zilikubaliana naye. Mwaka 2006 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa taarifa akisema hakuna kiwango cha moshi huo kilicho salama.

Tunapojifunza habari hizi tumfikirie mtu mmoja, dada anayehudumu kwenye baa kuanzia saa kumi jioni hadi usiku wa manane. Mteja asiyependa moshi anaweza kulipa na kuondoka. Yeye hawezi. Akiondoka amepoteza kazi, na pengine nyumbani ana watoto wawili na mama mzee wanaomtegemea. Kanisani hatupendi kuzitaja baa, lakini tuwe wakweli: wanaohudumu humo ni binti zetu, wengine tuliwapa Kipaimara sisi wenyewe. Kwa hiyo suala hili ni la afya, na pia ni la haki ya mfanyakazi.

Hapa Tanzania utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 kuhusu matumizi ya tumbaku ulionyesha kwamba watumiaji ni asilimia 8.7 ya watu wazima. Maana yake wasiotumia ni zaidi ya tisa kati ya kila kumi. Hata hivyo, karibu theluthi moja ya wanaofanya kazi ndani ya majengo walikuwa wakivuta moshi wa wengine kazini. Wachache wanavuta, na wengi wanashiriki madhara.

Je, hewa ikisafishwa kuna kinachobadilika hospitalini? Mji mdogo wa Helena, katika jimbo la Montana huko Marekani, ulipiga marufuku uvutaji katika sehemu za umma na za kazi mwezi Juni 2002. Miezi sita baadaye mahakama ilisimamisha sheria hiyo. Madaktari walihesabu wagonjwa wa mshtuko wa moyo waliolazwa kutoka ndani ya mji. Katika miezi hiyo sita walikuwa 24, wakati miaka mingine kwa kipindi hichohicho wastani ulikuwa 40. Sheria iliposimamishwa idadi ilipanda tena. Mji ni mdogo na hesabu ni ndogo, kwa hiyo tusiitumie peke yake. Uskoti ilianza sheria yake tarehe 26 Machi 2006, na katika hospitali tisa zilizofuatiliwa, waliolazwa kwa matatizo ya ghafla ya moyo walipungua kwa asilimia 17 mwaka uliofuata. Takwimu hii ya pili ndiyo tunayoitumia tunapokwenda kuzungumza na madiwani.

Kuhusu chumba cha wavutaji

Swali tunaloulizwa kila mara ni hili: kwa nini tusitenge tu chumba kimoja cha wavutaji, kila mtu akaridhika? Linasikika kuwa swali la amani. Ugumu ni kwamba moshi haujui ukuta. Mlango hufunguliwa kila dakika, na feni na kiyoyozi huusambaza moshi au kuupoza tu, haviondoi sumu. Tena lazima awepo mtu wa kuingia kwenye chumba hicho kupeleka vinywaji na kufagia. Ni yuleyule dada.

Kwa sababu hiyo nchi zilizo katika Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku zilikubaliana mwaka 2007, mjini Bangkok, juu ya mwongozo wa Ibara ya 8: kinachomlinda mtu ni marufuku kamili ndani ya jengo, na vyumba maalumu na mitambo ya kubadili hewa havitoshi. Ireland ilikuwa imeonyesha njia tangu tarehe 29 Machi 2004, ilipokuwa nchi ya kwanza duniani kukataza uvutaji katika sehemu zote za kazi za ndani, baa zikiwemo. Wengi walitabiri kwamba sheria ingewashinda. Haikuwashinda. Jirani zetu wa Uganda walipotunga sheria yao mwaka 2015 walikataza uvutaji katika sehemu zote za umma na za kazi, na wakaongeza umbali wa mita 50 kutoka hapo.

Sheria yetu ya Tanzania ni ya mwaka 2003. Ilipotungwa ilikuwa hatua njema, maana ilikataza kuvuta katika sehemu nyingi za umma kabla hata nchi haijaridhia mkataba huo hapo Aprili 2007. Lakini iliacha mlango wazi kwa maeneo yaliyotengwa kwa wavutaji, na mlango huo ndio unaopitisha moshi. Kwa maoni yetu, halmashauri inayotaka kusaidia watu wake isinakili kifungu hicho katika sheria ndogo zake.

Mji wa Chandigarh

Sasa tufike India. Chandigarh ni mji mkuu wa majimbo mawili, Punjab na Haryana, na ulijengwa kwa mpango baada ya nchi hiyo kugawanyika mwaka 1947. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa na watu wapatao laki tisa. Tumeuchagua kwa sababu hali yake ilifanana sana na yetu: sheria ilikuwepo na haikufanya kazi.

Mahakama ya Juu ya India iliamuru Novemba 2001 kwamba uvutaji ukomeshwe hospitalini, shuleni, mahakamani, katika ofisi za umma na vyombo vya usafiri. Mwaka 2003 Bunge likatunga sheria ya tumbaku, na kifungu cha sehemu za umma kikaanza kutumika Mei 2004, pamoja na faini ya hadi rupia 200. Baada ya hapo, watu waliendelea kuvuta kama kawaida. Polisi walisema ni kazi ya idara ya afya, na wenye ofisi hawakuweka hata bango.

Mjini Chandigarh kulikuwa na chama cha kiraia kiitwacho Burning Brain Society. Mwaka 2005 India ilipata sheria ya haki ya kupata taarifa, inayompa raia uwezo wa kuiuliza ofisi ya umma swali kwa maandishi nayo ikalazimika kujibu. Wanachama walianza kuandika barua, mamia ya barua, kwa ofisi za serikali za mji huo. Waliuliza mambo madogo tu. Je, jengo lenu limewekwa bango la kukataza uvutaji? Nani ameteuliwa kusimamia sheria hapo kwenu? Wangapi wametozwa faini?

Tuone kilichotokea. Mkuu wa ofisi akipata barua kama hiyo ana njia mbili: kuandika kwamba hajafanya lolote, na kutia sahihi yake chini, au kumwita fundi abandike bango kabla ya kujibu. Wengi walichagua bango. Barua ilifanya kazi ambayo maandamano yasingeifanya, na haikumtukana mtu. Idara zikaanza kuulizana, utawala wa mji ukakaa meza moja na chama hicho na polisi, na tarehe 15 Julai 2007 Chandigarh ikatangazwa kuwa mji usio na moshi wa sigara, wa kwanza nchini India. Haikuhitajika sheria mpya. Mji ulitumia ileile ya mwaka 2003.

Jambo jingine la kujifunza kutoka India ni kanuni zilizoanza nchi nzima tarehe 2 Oktoba 2008, siku ya kuzaliwa kwa Mahatma Gandhi. Kanuni hizo zinamgeukia mwenye mahali. Ni lazima aweke mlangoni bango la sentimita 60 kwa 30. Haruhusiwi kuweka visahani vya majivu, viberiti wala chochote cha kumrahisishia mtu kuvuta. Jina la mtu wa kupokea malalamiko liandikwe mahali linapoonekana. Na akipelekewa taarifa kwamba kuna anayevuta akanyamaza, yeye mwenyewe anatozwa faini kulingana na idadi ya makosa yaliyotendeka. Kanuni hiyo ina busara, kwa sababu mgambo hawezi kusimama katika kila hoteli, lakini mwenye hoteli yupo siku zote.

Kikundi kisimame hapa na kujadiliana: katika mji wetu, ni nani angepokea barua ya kwanza? Na nani angeiandika?

Tukirudi kwetu

Barua tunaweza kuziandika hata sisi. Tanzania ilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka 2016, na ofisi iliyoombwa inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Ushauri wetu ni kwamba msianze na barua ya kisheria kabla hamjakwenda kusalimia. Anzeni kwa Mtendaji wa Kata na Afisa Afya. Hawa ni watu wenye kazi nyingi na mafuta machache ya pikipiki, na mara nyingi wanafurahi kupata watu wa kuwasaidia. Barua iandikwe pale mlango unapofungwa.

Halmashauri ya mji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Rasimu hutangazwa ili wananchi watoe maoni, hupitishwa na baraza la madiwani, huidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Safari hiyo ni ndefu. Inaweza kumaliza muda wa diwani mliyeanza naye, kwa hiyo msimtegemee mmoja. Kipindi cha maoni ya wananchi ndicho sharika nyingi hukipoteza, kwa sababu tangazo hubandikwa kwenye ubao wa halmashauri na hakuna anayelisoma. Kila usharika uteue mtu mmoja wa kupita kwenye ubao huo walau mara moja kwa wiki.

Washirika wengine wako karibu kuliko tunavyodhani. Chama cha wenye mabasi na madereva wa daladala kina nguvu stendi kuliko polisi. Viongozi wa misikiti wana sauti tusiyo nayo sisi, nao wengi wamekwisha kuzungumza dhidi ya sigara, pengine kwa ukali kuliko wachungaji wetu. Redio ya jamii inaweza kuutangaza mgahawa uliotii, na tangazo hilo mwenye mgahawa analipenda kuliko cheti. Wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto wanajua nyumba zenye watoto wa pumu. Wote hawa waitwe mapema, wakati rasimu bado ni karatasi. Anayeitwa mwishoni huja kupinga.

Wenye baa na hoteli wataogopa kupoteza wateja, na tusiwadharau, maana wanalipa kodi na mishahara. Tuwape mfano wa New York. Sheria ya mji huo ilianza tarehe 30 Machi 2003, na taarifa ya mwaka wa kwanza ilionyesha kwamba kodi zilizokusanywa kutoka baa na migahawa zilipanda kwa zaidi ya asilimia 8. Tuseme pia ukweli kwamba New York si Singida. Linaloweza kumsaidia mwenye baa wa kwetu ni kwamba sheria iwe moja kwa wote na ianze siku moja, ili asiwe yeye tu anayewatoa wateja nje huku jirani yake akiwakaribisha.

Nasi tuanze nyumbani. Ukumbi wa usharika hukodishwa kwa harusi na mikutano; je, mkataba wa kukodisha unasema lolote kuhusu sigara? Kwenye semina zetu tumekuta kumbi nyingi hazina mkataba wa maandishi kabisa.

Wakulima wa tumbaku na zawadi

Hatuwezi kumaliza somo bila kugusa mahali panapouma. Tabora, Urambo, Kaliua, Chunya na Namtumbo kuna Wakristo wengi wanaoishi kwa tumbaku. Ada za shule zinatoka humo, na sadaka pia. Mkulima mmoja alituuliza hivi: mnapiga vita ninachopanda, lakini kikapuni mnakipokea?

Ni swali la haki. Tunajibu hivi. Sheria ya hewa safi mjini haimzuii mtu kulima, na sehemu kubwa ya tumbaku ya Tanzania huuzwa nje ya nchi, kwa hiyo dada wa baa akilindwa, bei ya mkulima haishuki kwa sababu hiyo. Mkataba wa kimataifa wenyewe, katika Ibara ya 17, unazitaka serikali ziwasaidie wakulima kupata mazao mbadala. Kazi hiyo bado ni kubwa. Mkulima anajua kuliko sisi kuni anazochoma kukausha majani, misitu inavyorudi nyuma, na deni la pembejeo linalomsubiri kila msimu. Idara ya kilimo ya dayosisi inayomwambia aache bila kumwonyesha soko la alizeti au la asali haijamwambia kitu.

Zawadi ni jambo tofauti na jasho la mkulima. Makampuni ya sigara hupenda kutoa madawati, visima na miche ya miti, na picha hupigwa. Mwongozo wa Ibara ya 5.3, uliokubaliwa mwaka 2008, unaziagiza serikali zilinde sera za afya dhidi ya maslahi ya biashara ya tumbaku, na unazitaka zisizitambue zawadi hizo kuwa hisani. Kanisa halikutajwa humo, lakini msimamo wetu katika ofisi ya miradi ni kwamba kamati inayoshughulikia hewa safi isipokee kitu kutoka huko, hata viti vya mkutano. Wapo wenzetu katika dayosisi wanaoona tumekaza mno, wakisema kisima ni kisima. Tunawaheshimu. Lakini ikifika siku ya kujadili rasimu, aliyepokea kisima hukaa kimya.

Kwa kikundi kitakachotaka kuanza, matembezi ya kwanza yafanyike Ijumaa jioni, watu wawiliwawili, bila sare na bila kamera. Pitieni stendi, mgahawa mmoja, baa moja, nyumba ya wageni moja, zahanati na ofisi ya kata. Angalieni kama kuna bango, kama kuna visahani vya majivu mezani, na kama kuna anayevuta ndani. Mwulizeni mhudumu, kwa upole na pembeni, anafanya nini mteja akiwasha. Andikeni tarehe na saa. Msiandike jina la mhudumu.